Nati Niliyoikaza Asubuhi ya Mchujo

Binti yangu alianguka mbele ya watu zaidi ya mia, na mimi ndiye niliyemwangusha, nikiwa nimekaa kitini hatua sitini kutoka alipokuwa.

Sikumgusa. Sikumwita. Sikumrushia kitu.

Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanihukumu. Au nihukumuni kwanza, haki hiyo mnayo.

Mimi ni fundi wa vitoroli katika duka kubwa. Vile vya kusukuma, unavyotia unga na sabuni. Miaka ishirini na miwili sasa. Kitoroli kikivuta upande, mteja anakiacha katikati ya njia na kuchukua kingine, na mimi naitwa. Nakipindua miguu juu, nakaza nati, natia grisi, nakisukuma kwa kidole kimoja. Kikienda moja kwa moja, kazi imekwisha.

Wenzangu wananiita Mzee Kaza. Hata mlango wa choo ukilia, wanasema mwiteni Mzee Kaza.

Kitinda mimba wetu nyumbani tunamwita Samaki. Mji wetu uko mbali na bahari, saa nane kwa basi. Shule iliwapeleka huko mara moja, akiwa na miaka kumi na miwili, akaona watu wamesimama wima kwenye mbao juu ya mawimbi. Toka siku hiyo hakurudi. Mwili ulirudi, moyo ulibaki kule. Mama yake alizoea kumtania kwamba sisi tumezaa samaki na hata mto hatuna.

Sasa kuna kocha mmoja, mwanamke mkavu wa maneno, ana kituo chake ufukweni. Kila mwaka huja miji ya bara kuchagua vijana wawili wa kwenda kuishi na kujifunza pale. Kwa kuwa huku hakuna bahari, anawapima kwa skeitibodi za mawimbi, mbao fupi zenye magurudumu chini.

Msizichanganye na zile za kawaida, kama nilivyozichanganya mimi.

Skeitibodi ya kawaida ekseli zake mbili zimetulia. Hii nyingine, ekseli ya mbele inazunguka kulia na kushoto, kwa hiyo mtu akitikisa mabega na kiuno ubao unakwenda wenyewe, mguu haugusi chini. Ni vile vile anavyofanya mtu juu ya wimbi.

Samaki alifanya kazi ya kuoka mkate mwaka mzima, kila mwisho wa wiki, ili apate wake. Siku ya kwenda kuuchagua akaniomba nimsindikize, kwa sababu magurudumu ni mambo yangu.

Muuzaji alikuwa mtu mzima mwenye mkono mmoja uliopinda. Alisema umevunjika mara tatu, na alisema kwa fahari kama mtu anayetaja watoto wake. Alimwambia Samaki asimame sakafuni kama anavyosimama juu ya wimbi, akapima kwa futi nafasi kati ya miguu yake miwili. Akaeleza kwamba ekseli zinatakiwa ziwe karibu na chini ya miguu. Ubao ukiwa mrefu mno unakuwa mzito kugeuka, ukiwa mfupi mno unakutupa. Magurudumu akayaminya kwa dole gumba: yawe manene na laini, ili kijiwe kidogo kisikumwage.

Akaweka mbao tatu chini. Mimi nikaupenda ule mrefu, uliotulia kama meza. Samaki akapanda ule wa katikati.

Nikauinamia, nikautikisa pua, ile ncha ya mbele. Ulicheza kama jino bovu.

"Huu umechoka," nikasema.

"Mzee, huko kucheza ndiko unakokununua," muuzaji akajibu. "Usipocheza, hilo ni benchi."

Samaki alicheka mpaka akashuka. Akasema, "Baba, huu ndio wangu."

Tukaondoka nao. Lakini ile pua inayocheza ilinikaa rohoni.

Kila siku baada ya kazi alikuwa anafanya mazoezi kwenye maegesho nyuma ya duka letu, kwenye mteremko wa malori. Nilikuwa nasimama kidogo kumtazama kabla ya kwenda darasani. Anakunja magoti, anageuza kichwa kwanza, mabega yanafuata, kiuno kinafuata, na ubao unafuata kama mbuzi anayejua njia ya nyumbani. Nilikuwa nasikia raha na hofu kwa pamoja. Nikimwambia siku moja kitu hicho kitamtupa, alikuwa ananijibu nipande anifundishe, maana kuyumba ndiko kunakouendesha. Sikupanda. Mzee mzima nikaanguke mbele ya walinzi?

Nimetaja darasa. Mimi sikusoma utotoni. Miaka yote kazini nilikuwa natia dole gumba penye sahihi. Nilipofikisha arobaini na tisa nikajiandikisha madarasa ya jioni, na namshukuru Mungu, nikafungua macho. Mwanzoni nilisoma kila kitu. Mabango, pakiti za chumvi, maandishi ya nyuma ya basi. Na nilikuja kujua baadaye kwamba mtu aliyejifunza kusoma ukubwani anaiamini karatasi kupita kiasi.

Asubuhi ya mchujo niliamka mapema, nikasali. Nilimwomba Mungu amlinde mwanangu. Nilipoinuka, nikauona ubao umeegemea mlango, na Samaki yuko bafuni anaimba.

Nikaushika pua. Ukacheza.

Kwenye kabati kulikuwa na karatasi iliyokuja na ubao. Nikaifungua, nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, nikasoma taratibu. Iliandikwa: kabla ya kupanda, hakikisha nati zote zimekazwa.

Jamani. Nilijiona nimejibiwa sala.

Nikachukua spana yangu. Nikaipata nati kubwa ya pale pua inapozungukia, nikaikaza. Nikaongeza kidogo. Nikautikisa ubao ukatulia kabisa, moja kwa moja, kama kitoroli kipya.

Karatasi ilikuwa na ukurasa wa pili. Sikuugeuza.

Mchujo ulifanyika kwenye uwanja wa saruji wenye mteremko. Nilikaa na mke wangu upande wa chini. Samaki alipoitwa alipanda, akakanyaga mara moja, mara mbili, akanitazama. Nikampungia mkono. Akashuka mteremko.

Mwendo ulikuja wenyewe kwa sababu ya mteremko. Kona ya kwanza niliona anageuza kichwa, mabega yakafuata, kiuno kikafuata.

Ubao haukufuata.

Mwili ulikwenda kulia, ubao ukanyooka mbele, goti la kushoto likabaki katikati yao. Nilisikia mlio wa goti pale nilipokaa. Nati ikanijia machoni saa hiyohiyo, na nikanyamaza.

Hospitali walisema kano la goti limekatika. Angetembea vizuri, na kwa upasuaji na mazoezi ya mwaka mmoja huenda hata angerudi kwenye ubao. Mke wangu alibaki naye. Mimi nikaenda nyumbani, nikisema nafuata nguo.

Nguo nilichukua. Lakini kwanza niliuweka mapajani ubao niliotoka nao uwanjani, nikailegeza ile nati mpaka pua ikacheza kama zamani.

Hapo ndipo nilipougeuza ule ukurasa wa pili. Iliandikwa: nati ya mbele isikazwe kamwe zaidi ya ilivyotoka kiwandani.

Nikaikunja karatasi, nikaitia mfukoni. Kesho yake nikaichoma.

Siku ya tatu kocha alikuja hospitali kumwona. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na magongo yake mapya mkononi. Kocha hakuzungusha maneno. Alisema anao utaratibu wake: kijana akiangushwa na kifaa kibovu, nafasi yake anamwekea mpaka apone. Lakini anayeanguka mwenyewe kwenye kona ya kawaida, huyo hayuko tayari, na bahari haina huruma.

"Ubao ulikuwa mzima?" akamuuliza.

 Samaki akatazama upande wa mlango. Kisha akasema ulikuwa mzima, yeye ndiye alichelewa kugeuka.

Kocha akauliza tena. Jibu likawa lile lile. Akasema basi, akibadili maneno kabla ya msimu kuanza ampigie, na akaondoka.

Nilidhani binti yangu hana habari ya nati. Nikajiambia hata nikisema sasa nitaongeza maumivu tu.

Ikaanza miezi saba.

Sijawahi kuomba kama nilivyoomba miezi ile. Nilifunga. Niliamka alfajiri. Nilipiga magoti yangu mawili mazima nikiliombea goti lake moja. Watu wa ibada yetu walinisifu kuwa baba anayempenda mwanawe, na mimi nikainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Samaki alikuwa anavuta mguu sebuleni. Waliokuwa wanafanya naye mazoezi walimtania mwanzoni kwamba samaki amekutana na saruji, halafu wakaacha kuja. Neno lilikuwa limeenea kwamba alishindwa kona ya watoto. Hakubisha. Kila nikirudi kazini alikuwa ananiamkia, ananipokea mfuko, halafu ananitazama kidogo, kama mtu anayesubiri kuambiwa kitu. Nikadhani ni upweke. Nikawa namletea matunda.

Kisha asubuhi moja, tukinywa chai, mke wangu akasema amesikia msimu umeanza kule ufukweni, vijana wawili wameshaingia kituoni.

Samaki aliinuka, akaosha kikombe chake, akaenda chumbani.

Siku hiyo nilishindwa kusali. Nilifungua mdomo nikakuta nina ombi moja tu, Mungu amponye bila mimi kusema, na nikaona aibu kulitoa.

Mchana nikagonga mlango wake. Alikuwa kitandani, amepitisha taulo chini ya wayo, anavuta mguu kwake kama daktari alivyomfundisha. Nikakaa kwenye kiti. Mikono yangu haikujua pa kukaa.

"Ile nati ya mbele," nikasema. "Niliikaza mimi. Asubuhi ile."

Hakuliachia taulo.

"Najua, baba."

Nilidhani hajanielewa. Nikaanza kumweleza upya, karatasi, spana, yote. Akaniacha nimalize.

"Nilijua nilipopanda tu," akasema. "Mguu uliniambia. Spana yangu ilikuwa kwenye begi."

"Sasa mbona hukulegeza, mama?"

"Nilikutazama, ukanipungia. Nikasema Mzee Kaza amekaza, basi ana sababu yake. Anayajua magurudumu kuliko mimi."

Nikafunika uso. Akaendelea, sauti haikupanda hata kidogo.

"Kocha alipouliza, ulikuwa umesimama mlangoni. Ningesema mimi, ningekuwa nimemshtaki baba yangu kwa mgeni. Nikakutazama useme wewe. Hukusema. Nikajipa moyo, labda jioni. Labda kesho. Nilikungoja mpaka msimu ukaanza, baba."

"Samaki..."

"Goti sikulilia. Nililia siku niliyorudi kutoka hospitali, nikauvuta ubao toka chini ya kitanda, nikakuta nati imelegezwa."

Nilimpigia kocha palepale, mbele yake, simu ikiwa kwenye spika. Nikasema kila kitu kwa mpangilio, kama shahidi.  Kocha akasema angeipata simu hii hata wiki mbili nyuma, nafasi ingekuwepo. Sasa imejaa, na mwakani umri wa Samaki utakuwa umevuka mpaka wanaoupokea. Akanishukuru kwa kusema. Shukrani ile nimeibeba kama jiwe.

Nikamwomba mwanangu msamaha, nimepiga magoti sakafuni. Akaniinua. Akasema alinisamehe kitambo, kabla hata ya upasuaji, na nisiinamie tena kwa ajili hiyo.

Wiki ile ile alihamia kwa shangazi yake, mji mwingine, kwenye kazi ya dukani. Hakuondoka kwa hasira. Alinipa mkono, akanitakia masomo mema.

Nilikuwa nimeogopa kwamba akijua atanichukia. Kumbe alijua miezi saba yote, na katika miezi hiyo alikuwa bado ananipenda, ananipokea mfuko mlangoni.

Ndugu msomaji, sina elimu ya kukufundisha. Nakwambia nililoliona. Ukimpenda mtu, muulize kabla hujamrekebishia kitu chake. Huenda unachokiona kibovu ndicho kinachombeba. Na ukikosea, usimtume Mungu kusema neno ambalo amekuachia wewe. Nilisali miezi saba kwa jambo lililohitaji sentensi moja. Mungu hakuwa kiziwi. Mimi ndiye niliyekuwa bubu.

Jana mke wangu aliniambia goti sasa linakunjika mpaka mwisho, na Samaki ameanza kupanda ngazi bila kushika ukuta.

Alimpigia mama yake.