Mvua Mbili za Mama Msafiri

"Mvua mbili tu," Mwaija alitamba mkutanoni, siku walipogawiwa viwanja vya kijiji kipya cha ujamaa. "Zikipita, mimi na masufuria yangu tumerudi kwetu Kwaluguru. Hata mizigo sifungui yote."

Watu walicheka. Balozi wa nyumba kumi, Mbwana, alicheka kuliko wote, akambandika jina palepale: Mama Msafiri.

Nyumba zilipangwa mstari mmoja kama watoto wa shule wanaokaguliwa kucha, na ya Mwaija ikaangukia mteremkoni. Kila asubuhi alifagia uwanja mpaka ukabaki mweupe, kama alivyofunzwa na mama yake, na kila mvua iliondoka na udongo aliouacha wazi. Vuli ilipokwisha, fito za chini za ukuta zilikuwa nje kama mbavu za mbwa. Aliomba kiwanja kingine. Akajibiwa kuwa viwanja vimekwisha. Kurudi Kwaluguru ndiyo usiseme. Waliojaribu walirudishwa na mgambo, wao na vyungu vyao.

Jirani yake Hosiana, Mshambaa aliyehamia hapo na mumewe na kuchuuza vipando alivyovitoa soko la Manundu, alimshauri apande ua la njano linalotambaa. Kiangazi hakiliui, na likishashika udongo limeshika, miaka na miaka. Mwaija alisikiliza, akashukuru, akaenda kupanda vimaua vyekundu vya msimu. Kupanda kitu cha miaka ilikuwa sawa na kusaini kwamba amebaki.

Vyekundu vilichanua, vikasifiwa, vikafa na jua la Januari.

Masika ikaja. Asubuhi moja kona ya ukuta ikaporomoka, upande wanakolala watoto. Bahati nzuri walikuwa jikoni wanakunywa uji. Mwaija alisimama akitazama lile rundo la tope juu ya mkeka wao. Mbwana akapita njiani.

"Mama Msafiri, mvua ya pili hiyo. Gari umeshaliita?"

 Mwaija alivuka uwanja mpaka kwa Hosiana.

"Nipe lile la njano."

"Dada, lile ukilipanda hutaling'oa."

"Ndiyo maana nililikataa. Nipe."

Alilipanda mteremko mzima siku hiyohiyo, ufagio akautupa nyuma ya nyumba. Jioni akafungua mzigo wa mwisho, akatoa kinu.

Fungu la vile vipando, alivyovikataa tangu mwanzo, lilikuwa senti hamsini tu.