Mieleka Mbele ya Tembe

Kila nikisikia harufu ya samli ikiyeyuka jikoni, mimi hutoka nje. Mjomba wangu alikuwa akijipaka samli kabla ya mieleka, na katika Ugogo nzima hakuna aliyewahi kumwangusha.

Watu wetu walipokataa kuwapa Wajerumani ng'ombe, askari wao, weusi kama sisi, walivamia kijiji. Walitukusanya mbele ya tembe letu, nyumba yetu ya paa bapa la udongo. Mkubwa wao akamsukuma mjomba katikati.

"Wewe ndiye bingwa? Haya, pigana mieleka na huyu askari wangu."

Mama alinibana kifuani, moyo wake ukinigonga sikioni. Siku za mavuno alikuwa akimpigia kaka yake vigelegele. Sasa alinong'ona, "Anguka, kaka. Anguka tu."

Sijui kama mjomba alisikia. Alimnyanyua yule askari, akambwaga chini, vumbi likatimka. Hakuna aliyeshangilia. Kisha akainama kumpa mkono ainuke, kama alivyowafanyia wote aliowashinda.

Bunduki ya mkubwa ikalia.

Mjomba alianguka kifudifudi. Yule askari alibaki amekaa vumbini, bado ameushika mkono wa mjomba, akimtazama mkubwa wake kwa hofu ileile yetu.