Mbuzi wa Suluhu na Mguu wa Mama

Mpaka leo nikipita kwa mafundi baiskeli karibu na soko la Bariadi, nikakutana na harufu ya solusheni, ile gundi ya kuzibia pancha, imechanganyika na girisi iliyopigwa jua, huwa nasimama. Mafundi wamenizoea. Wanadhani nyumbani nina baiskeli mbovu ambayo naona aibu kuileta. Kumbe namkumbuka mama yangu, na nikianza kumkumbuka mama yangu akiwa juu ya baiskeli, basi shughuli nyingine zote zinasubiri.

Mama alikuwa mfanyabiashara wa kuku wa kienyeji. Asubuhi alikuwa akipanda baiskeli yake nyeusi, nzito, ya chuma kitupu, anakwenda Ngulyati kununua kuku kwa wakulima, kisha anarudi mjini na tenga limejaa nyuma kwenye karia. Huku kwetu mwanamke kuendesha baiskeli si habari, lakini alivyoendesha yeye ilikuwa habari. Alikaa wima, gauni kalifunga vizuri chini ya mapaja, kitenge kiunoni, na kuku nyuma yake wakinung'unika kama abiria waliokatiwa tiketi ya uongo. Nyuma ya tenga alikuwa ameshona kitambaa chekundu ili wenye magari wamwone kwa mbali. Alipita pembeni kabisa ya barabara, na akipita karibu na watoto alipiga kengele na kusema, "Sogeeni, barabara ni ya wote." Nilikuwa nikiisikia kengele ile nikiwa bado darasani, na nilijivunia mno.

Siku ya ajali sikuwepo. Yaliyotokea niliyasikia kwa wengi hadi nikawa kama niliyaona. Mama alikuwa anarudi na tenga lake. Mbele kulikuwa na mkokoteni wa ng'ombe umebeba marobota ya pamba, unakuja upande wa pili taratibu. Pikapu moja ikawa inakuja nyuma ya mkokoteni ule, dereva akachoka kusubiri, akatoka kulia ili aupite bila kuangalia mbele kuna nani. Alipomwona mama alikata kona, akampitia kwa ubavu. Mama akarushwa ndani ya shamba la pamba, tenga likapasuka, na kuku wakatawanyika kwenye mistari ya pamba wakipiga kelele kuliko mtu yeyote.

Jirani alikuja kutuita, tukakimbia mimi na Baba. Watu walikuwa wamejaa. Wengine walikuwa wanakimbizana na kuku, na niseme ukweli, si kuku wote walirudi. Wengine walikuwa wameshainama kuiokota baiskeli. Ndivyo tulivyo: mtu akianguka, tunamsitiri, tunakusanya vitu vyake, tunaacha barabara safi, kwa sababu kuacha mali ya mwenzio imetapakaa njiani ni kumdhalilisha. Basi mama yangu, amelala kwenye pamba, mguu umegeuka upande ambao mguu haugeuki, alikuwa anapaza sauti, "Msiguse baiskeli! Iacheni hapo hapo mpaka trafiki waje!"

Watu walidhani amechanganyikiwa kwa maumivu. Baba mwenyewe alimwambia, "Mama Kabula, tulia, baiskeli ni kitu gani?" Lakini alikuwa na sababu yake. Kaka yake, mjomba Shija wa Kiloleli, aligongwa naye akiwa kwenye baiskeli. Watu wema wakamwokota yeye, wakaiokota na baiskeli, wakafagia mpaka vioo. Trafiki walipofika wakakuta barabara tupu, dereva akasema mjomba alikuwa katikati ya njia, na hakukuwa na alama ya kumpinga. Mambo yakaishia hapo. Mjomba akabaki na fimbo ya kutembelea.

Kwa hiyo baiskeli ya mama ilikaa palepale, imekunjika gurudumu la mbele, pembeni kabisa, upande wake. Trafiki walikuja wakapima kwa utepe, wakachora, wakaandika, na baiskeli wakaichukua kama ushahidi. Ndipo mama akakubali kupakiwa kwenda hospitali.

Dereva aliitwa Idi, mpwa wa Mzee Salum, mwenye pikapu ile na mwenye duka ambako sisi sote tulinunua sabuni na mafuta ya taa. Hakukimbia. Alikuja hospitalini jioni ile ile, akasimama mlangoni mwa wodi hajui aingie au asiingie. Mama alimwita. Akampa mkono. "Nimekusamehe, mwanangu," alimwambia, "lakini siku nyingine subiri mkokoteni upite." Mimi nilikuwa miguuni pa kitanda, na nilidhani basi, imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Daktari alimweleza Baba kwamba mfupa ule umevunjika vibaya. Plasta peke yake itauunga, lakini utaunga ukiwa umepinda. Ili unyooke na uweze tena kukanyaga pedeli, lazima afanyiwe upasuaji Mwanza na kuwekewa chuma. Sisi hatukuwa na uwezo huo. Na mama bila baiskeli maana yake ni sisi bila kuku, na bila kuku nyumba yetu ilikuwa na shamba la pamba tu, ambalo kila mkulima wa huku anajua lina maringo gani mvua ikikosekana.

Mama alipotoka hospitali alilazwa kwenye godoro sebuleni, mguu mweupe kwa plasta. Alasiri moja wakaja wageni: Mzee Salum katika kanzu safi, wazee wawili wa mtaani, na Idi nyuma akivuta mbuzi dume mweupe. Mbuzi akafungwa kwenye ua. Wakaingia.

"Mwadila," walisalimia wazee.

"Mwadila, karibuni," Baba aliitikia, akawapa viti.

Ni vyema nieleze jambo hili kwa asiyelijua. Mtu akikukosea kwa uzito kama ule, anakuja na wazee na mnyama. Mnazungumza, mnyama anachinjwa, mnakula pamoja. Mkishakula, yamekwisha. Atakayeyafufua baadaye ataonekana hana haya. Baba yangu, mtu mpole asiyependa ugomvi hata na mbwa, alitamani sana tule, yaishe, na tuendelee kununua sabuni kwa Mzee Salum kwa amani. Mimi nilitamani nyama.

Wakati huo, kabla mazungumzo hayajafika popote, baba mdogo Masanja alikuwa anarudi shambani kwa njia ya nyuma. Masanja alikuwa mkarimu kupita kiasi. Akachungulia, akaona wageni wameketi, akaona mbuzi amefungwa, akahitimisha mwenyewe kwamba kaka yake amemtoa mbuzi wa wageni. Na kwa kuwa wageni walikuwa Waislamu, alifanya kama mtu yeyote mwenye adabu hapa kwetu: alimwita Idi, aliyekuwa ametoka nje kupunga upepo, akamwomba achinje yeye ili wote wapate kula. Idi naye, kuona wenye nyumba wamemkabidhi kisu, alijua tayari wamekubali. Machozi yalimtoka. Akachinja.

Muda si muda harufu ya maini ya kuchoma ikaingia sebuleni. Wazee bado walikuwa kwenye habari za mvua. Masanja akanipa sahani niipeleke kwa wageni, pamoja na maji ya kunawa. Mama akaitazama sahani.

"Kabula, maini haya ni ya mbuzi yupi?"

"Yule wa kwenye ua, Mama."

Mzee Salum uso ulimfunguka. "Alhamdulillah," alisema. "Basi yamekwisha, Mama Kabula."

"Bado, baba," mama alisema. Akamwita Masanja, na Idi akaja pia. Masanja akashika kichwa: "Shemeji, mimi nilijua ni mbuzi wetu!" Idi akasema, "Na mimi nilijua mmenikubalia!" Wakatazamana, kila mmoja na damu mikononi, na mama yangu akacheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu ajali, akicheka huku ameshika mbavu kwa maumivu, na wazee wakacheka, na Baba akapumua. Kisha akanigeukia.

"Kabula, kamfungue Mabaka."

Mabaka alikuwa mbuzi wangu. Jike la madoadoa meusi, nililolilea kwa chupa baada ya mama yake kufa, lililonifuata mpaka kisimani. Nilimtazama mama nikitegemea kwamba atacheka tena. Hakucheka. Nikaenda, nikamfungua, nikaja naye mpaka mlangoni.

"Mzee wangu," mama alimwambia Mzee Salum, "mmekuja kwetu, lazima mle. Hiyo ni mboga ya wageni, na mboga ya wageni ni juu ya mwenye nyumba. Mbuzi wenu ni huyu hapa. Mrudi naye."

"Unanikataa, Mama Kabula?"

"Sikukatai. Idi nilimsamehe siku ile ile, na mkono nilimpa, mwulize. Kwa msamaha sikudai mbuzi. Lakini mguu wangu haujasamehewa na mtu, bado umevunjika."

Mzee Salum akasema lililokuwa moyoni mwake. Aliogopa mahakama. Aliogopa duka lake litafungwa na watoto wake watalala njaa. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye hofu ya kweli, na mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ile stika kwenye kioo cha gari lako," akamwuliza taratibu, "unailipia ya nini kila mwaka?"

"Ya bima. Trafiki wasinisumbue."

"Dada wa msaada wa kisheria alikuja kuniona wodini. Kanieleza kwamba bima ile ndiyo inayobeba mzigo wa mtu aliyegongwa. Si duka lako. Ila wakisikia sisi tumemalizana hapa kwa mbuzi, jalada la polisi litalala, na bima watasema hakuna wanachodaiwa. Mimi nitabaki na mguu uliopinda, na wewe utabaki na stika."

Walikula. Mama hakugusa nyama. Jua lilipopungua waliondoka na Mabaka, na mimi nilisimama kwenye ua nikimsikia akiniita mpaka kona ya barabara. Nililia hadi nikapata homa. Nilimchukia mama, nasema hivyo wazi, kwa siku nyingi nilimpelekea uji bila kumtazama. Niliona ana moyo mgumu. Watu wamekuja kwa unyenyekevu, wameleta mnyama, yeye anawarudishia, tena mnyama wangu! Mtaani pia walisema. Walisema amekuwa mwanamke wa mahakamani.

Kesi ilikwenda. Idi alipofikishwa mahakamani alikiri kwamba aliendesha bila uangalifu, na mchoro wa trafiki ulionyesha baiskeli ilikuwa upande wake, pembeni. Akapigwa faini. Kisha dada yule wa msaada wa kisheria akamsaidia mama kupeleka madai kwa watu wa bima, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba haki nayo inatembea kwa magongo. Mara walitaka karatasi hii, mara ile, mara aliyekuwa anashughulika amesafiri. Mama alikwenda nao hivyo hivyo, mguu umeshaunga ukiwa umepinda, akichechemea kutoka benchi hadi benchi, na kila alipofika aliwasalimia kwa heshima na kukaa chini kama mtu ambaye hana pengine pa kwenda. Mwisho walichoka wao. Wakalipa.

Ili kuunyoosha mguu ule, madaktari wa Mwanza walilazimika kuuvunja upya. Mama alijua hivyo kabla ya kwenda. Alifunga kitenge, akatubusu, akaenda.

Aliporudi, anatembea kwa gongo moja lakini mguu umenyooka, Mzee Salum alikuja tena. Hakuwa na wazee. Alikuja na Idi tu, na Idi alikuwa ameshika kamba, na mwisho wa kamba alikuwa Mabaka, mnene, na nyuma yake mwanambuzi mwenye madoadoa kama yake.

"Mama Kabula," alisema Mzee Salum, "kesi imekwisha, bima wamelipa, duka langu liko wazi. Leo sijaleta suluhu. Nimeleta mbuzi."

Mama aliipokea kamba kwa mikono miwili. "Wabeja, baba," alishukuru. "Huyu tunampokea." Akanikabidhi mimi kamba ile, kisha akamwita Idi amchinjie kuku, na safari hii alikula na wao, akimchagulia Idi finyango kubwa.

Baiskeli ilipotoka polisi tuliipeleka kwa fundi, na mimi nilikaa kwenye gogo siku nzima nikivuta harufu ya solusheni huku gurudumu jipya likifungwa.

Nikiwa mtoto nilidhani kusamehe ni kunyamaza, na kwamba anayedai hajasamehe. Nimekuwa mtu mzima, nimekosewa na nimekosea, ndipo nikaelewa alichokifanya mama alasiri ile akiwa amelala chini na sisi sote tumemzunguka. Alikuwa amevitenga vitu viwili ambavyo sisi tulivipika chungu kimoja. Msamaha aliutoa mara moja, bure. Haki yake aliitafuta polepole, mpaka ikafika. Na katikati ya hivyo viwili hakumpoteza jirani hata mmoja. Gharama pekee ilikuwa mbuzi wa mtoto, na hata huyo alirudi na mtoto wake.

Juzi nilikuwa nimesimama tena pale kwa mafundi, nimefumba macho, pua imejaa harufu ile, nikasikia kengele nyuma yangu.

"Kabula, unanusa nini hapo? Sogea, barabara ni ya wote."

Nikasogea. Akapita, amekaa wima, kitambaa chekundu nyuma, akikanyaga kwa mguu ule ule.