Pikapu Iliyotulia Ikiwa na Mzigo

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kumbukumbu yangu imekataa kuiachia, ijapokuwa mengi ya ujana wangu imeyaachia bila kuniomba ruhusa. Nimeikumbuka tena asubuhi ya leo, uliponiambia kuwa gari lako hutetemeka kila unapokanyaga mafuta, na kwamba wenzako wa kundi la simu wamekwisha kuamua kuwa fundi amekuharibia. Nilikuuliza kama wewe mwenyewe umechungulia chini ya gari hilo. Ukacheka. Kaa basi, nikueleze kwa nini mimi sikucheka.

Nilikuwa mwalimu wa fizikia hapa Tabora, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni na hakika juu ya kila kitu. Baba yangu, mkulima wa Kwihara, alikuwa na pikapu ya zamani ambayo niliiendesha mimi, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamepungua nguvu. Klachi ilipokwisha, niliipeleka mtaa wa Ng'ambo kwa Fundi Kondo, Mzaramo ambaye babu yake alifika huku na misafara, akaoa, akabaki. Sisi ni Wanyamwezi, na Mzaramo ni mtani wetu tangu enzi za misafara hiyo, tulipobeba mizigo hadi kwao pwani. Wewe umekua katika zama nyingine, huenda hujui uzito wa jambo hilo. Mtani aweza kukutukana mbele ya mkweo, nawe huna ruhusa ya kukasirika.

"Mpagazi kaja!" ndivyo alivyonipokea kila nilipoingia gereji yake. "Leo umebeba meno ya tembo ya nani?"

"Shikamoo, mla nazi."

"Marahaba. Tua mzigo, mwalimu, msafara umeshakuacha."

Alibadilisha klachi kwa siku mbili, nikaondoka na gari lililokwenda vizuri. Wiki hiyohiyo, mavuno yakikaribia, nilimwendea mhunzi mmoja karibu na stesheni, akaniongezea vipande viwili katika springi za nyuma, ili gari lisilale kwa magunia ya mahindi. Sikumweleza Kondo. Niliyahesabu hayo kuwa maboresho, na ni nani hutilia shaka jambo alilolifanya kwa hiari yake mwenyewe?

Siku chache baadaye gari likaanza kutetemeka. Kila nilipokanyaga mafuta ili liondoke, mtetemo ulipanda kutoka sakafuni hadi kwenye usukani. Nikiachia mafuta, ulitulia. Nililalamika kwenye kijiwe cha kahawa, na kijiwe kikatoa hukumu palepale: ni klachi, Kondo amefunga kuukuu, tena si mara ya kwanza. Nilimuuliza msemaji ni nani mwingine aliyetendwa hivyo. Alisema amesikia. Nami, mwalimu niliyewakataza wanafunzi kuandika jibu bila kuonyesha njia, nikaridhika na "nimesikia".

Alasiri moja Kondo alikuja pale kunywa kahawa. Kijiwe kilikuwa kimejaa, na wateja wake watatu walikuwepo.

"Jamani," nikasema, "mtani wangu huyu nilimpelekea klachi, akanifungia kifuu cha nazi. Sasa kila nikikanyaga mafuta, gari linacheza mdundiko, ngoma ya kwao!"

Watu walicheka hadi kahawa ikamwagika. Kondo naye alicheka, kwa sababu ilimpasa. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mtani, nitanie mimi, nitanie na babu yangu. Mikono yangu iache. Linatetemeka likiwa tupu, au likiwa na mzigo?"

"Kila mtu anasema mzigo ndio unaolishinda."

"Sikumuuliza kila mtu. Lilete kesho nilale chini yake."

"Ulimalizie kabisa?" nilijibu, na kicheko kikaanza upya.

Sikulipeleka. Maneno yangu yaliondoka kijiweni bila mimi, na yalipofika sokoni hayakuwa utani tena. Yalikuwa habari: mwalimu msomi amethibitisha kuwa Kondo hufunga vifaa vibovu. Wenye magari wakaanza kupita mlangoni pake bila kusimama. Niliwaona, mwanangu. Nilijiambia kuwa wamefanya hivyo kwa akili zao.

Mavuno yalipoanza, nilipakia magunia Kwihara, nikamchukua baba, tukaelekea mjini. Tulikuwa tumekwenda mwendo mrefu aliposema, "Mbona leo halitetemeki?"

Nilikanyaga mafuta. Lilikuwa limetulia.

"Na juzi, ulipoleta magunia mjini?"

Halikutetemeka.

"Na uliporudi tupu?"

Lilitetemeka. Jibu la swali la Kondo lilikuwa miguuni pangu muda wote huo, nami sikulitazama kwa kuwa watu walikuwa wamekwisha kunipa jingine.

Baba hakupandisha sauti. "Nilikusomesha ili uone," alisema. "Kumbe umesoma ili usikie vizuri."

Tuliposhusha magunia nilivua shati nikajilaza chini ya gari. Springi zilizoongezwa zilikuwa zimeinua sehemu ya nyuma, na propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kutoka kwenye giaboksi hadi ekseli ya nyuma, ilikuwa imelala kwa pembe kali mno, maungio yake yakihangaika kila nguvu ilipopita. Mzigo ulipoishusha nyuma, pembe ilipungua na mtetemo ukaisha. Nilivitoa vile vipande viwili, nikaliendesha likiwa tupu. Lilitulia. Klachi ya Kondo haikuwa na kosa lolote.

Nilikwenda Ng'ambo nikakuta gereji imefungwa. Jirani aliniambia Kondo amehamia Tura. Nilipanda treni, nikamkuta hatua chache kutoka stesheni, akiziba pancha za baiskeli.

"Mpagazi," aliniita, lakini hakuniuliza nimebeba nini.

Nilimweleza yote, nikamwomba radhi. Alisikiliza huku akikwaruza mpira kwa msasa.

"Ungenitajia springi," alisema, "ningekujibu kabla kahawa haijapoa." Akaendelea kukwaruza. "Ulinisema mbele ya watu, mwalimu. Radhi umekuja kuniomba mbele ya baiskeli. Nenda kaseme kulekule."

Nilirudi. Nilisimama kijiweni, nikatamka kwa sauti kwamba Fundi Kondo hakukosea, kwamba kosa lilikuwa langu. Mmoja akapiga paja lake.

"Huyu na mtani wake! Safari hii kaugeuza utani!"

"Mla nazi kakupikia wali huko Tura, eeh?"

Wakacheka. Kadiri nilivyoapa, ndivyo walivyozidi kucheka. Uongo niliousema kwa mzaha waliuamini. Ukweli, waliuchukua kuwa mzaha. Niliwafuata wawili watatu majumbani mwao, wakanisikiliza kwa adabu, na magari yao wakaendelea kuyapeleka kwingine.

Kondo hakurudi Ng'ambo. Alifia Tura baada ya miaka michache, akiwa bado anaziba pancha. Nilihudhuria maziko, na sisi watani wake tukapewa nafasi ya kufanya mzaha msibani, kama ada ilivyo. Wenzangu waliifanya kazi yao vizuri. Zamu yangu niliwaachia wao.

Basi, mwanangu, nenda kwenye gari lako. Lisimamishe, upandishe mafuta likiwa halina gia. Likitetemeka hapohapo, tazama injini kwanza: plagi, mafuta, hewa, na mipira inayoishikilia. Likitulia, na likatetemeka tu linapoondoka, tafuta katika vile vinavyopeleka nguvu magurudumuni. Andika ulichokiona mwenyewe: lilikuwa tupu au lina mzigo, katika gia ipi, katika mwendo upi. Halafu orodhesha yote yaliyobadilishwa tangu lilipokuwa zima, ukianza na uliyoyabadilisha wewe. Karatasi hiyo umpelekee fundi yuleyule, usimfiche kitu, naye umpe nafasi ya kulala chini ya gari lako. Na kabla ya hayo yote, liandikie leo kundi lako la simu kwamba bado hujui. Jina la fundi wako halijafika sokoni. Bado unaweza kulirudisha.

Mungu akupe macho yanayoutangulia ulimi wako, akulinde katika kila barabara, na ukimkosea mtu akujalie kumkuta bado yuko palepale ulipomkosea. Amina.