Kosa Nambari 31 na Ufagio Wangu

Viateur alivaa tai hata Jumamosi. Katika ofisi yetu ya mizigo kule Kiyovu yeye ndiye alikuwa fundi wa kompyuta, ile iliyotuma orodha za mizigo hadi Mombasa kwa laini ya simu. Laini ikikatika, printa iliandika kosa, tarehe na saa yake, na Viateur alitufasiria. Kwa tafsiri yake, kosa halikuwa lake hata siku moja.

Mwaka 1992 kosa nambari 31 lilimkalia vibaya.

"Laini imekatika," alimwambia mkuu wetu, Bwana Salvator. "Maana yake ufagio umegusa waya."

"Mashine inaujua ufagio?"

"Mkuu, mashine haidanganyi."

Mfagiaji nilikuwa mimi. Miezi mitatu nilitukanwa kwa kosa hilo, mimi ambaye mume alikwisha kunitupa na mtoto mgongoni. Mwishowe Bwana Salvator akasema, "Mama Alida, likitokea tena, rudi kwako Gatsata."

Nilirudi nikalala kitandani, nikautazama ukuta. Ukuta wangu wa udongo niliubandika karatasi za printa zilizotupwa, kwa uji wa mihogo, ili upepo usiingie. Shule sikuiona, ila kusoma tarakimu na saa nilijifunza sokoni. Nikaiona 31. Kando yake 10:05. Chini tena 31, saa ileile ya nne asubuhi. Ukuta mzima! Na mimi humaliza kufagia saa mbili. Nyingine ilikuwa na tarehe niliyomzika shangazi huko Gahanga. Ufagio ulitembea peke yake?

Saa nne, ndipo Viateur huchemsha maji ya kahawa yake.

Asubuhi nilibandua karatasi, zikatoka na udongo wake, nikazimwaga mezani kwa mkuu.

"Mama, umeniletea nyumba yako?"

"Nimekuletea mashahidi, Bwana. Soma saa zake."

Akasoma. Akatazama saa ya ukutani, ni saa nne kasoro. Akaita, "Viateur! Leo hunywi kahawa?"

"Leo sina hamu, mkuu."

"Mimi ninayo. Chemsha."

Tai ikaanza kumbana. Akachomeka birika la umeme kwenye soketi ileile ya kisanduku kinachounganisha kompyuta na laini ya simu. Printa ikaguna, krr, krr. Bwana Salvator akaichana karatasi mwenyewe.

"31. Haya, tufasirie."

"Inasema... umeme umepungua, kisanduku kimepoteza laini."

"Ufagio haikuutaja?"

"Leo haikuutaja."

Makarani walicheka hadi mmoja akatoka nje. Mimi sikucheka. Niliuliza kama kazi yangu bado ipo. Mkuu akasema ipo, na kuanzia siku hiyo birika likae jikoni, chini ya mamlaka yangu.

Viateur hakuniomba radhi. Hadi leo huja jikoni saa nne, kikombe mkononi, amesimama kama mtoto wa komunyo ya kwanza.

"Mama Alida, kahawa iko tayari?"

"Sijui, mwanangu. Kaulize mashine, haidanganyi."

Namwacha asimame kidogo. Kisha nammiminia, bila sukari. Pengo la ukuta wangu nimeliziba kwa karatasi mpya za printa. Huzikagua kila Jumapili, 31 haimo.