Faili Niliyosema Imeharibika

Mimi nilikuwa na mdomo. Miaka mingi ya kuendesha saiba, duka langu la kompyuta, hapa Tawa ilinipa kiburi cha kuangalia faili mara moja na kutoa hukumu, na watu waliniamini.

Asubuhi moja alikuja mama mmoja kutoka Salama, muuza maembe kando ya barabara, amefunga diski ya kanisa lao kwenye leso. Ndani mlikuwa na video moja tu. Kaka yake anayeishi Tseikuru alikuwa amemrekodi mama yao kabla hajafariki, akitaja wajukuu mmoja mmoja na kueleza kila jina limetoka kwa nani kwenye ukoo. Kamera ilikuwa ya kuazima na kadi yake ilishafutwa, kwa hivyo nakala ilikuwa hiyo tu. Kaka aliifinya video ipungue ukubwa ndio akaituma kwa diski hiyo, na sasa dada alitaka niiweke kwa flashi aitazame na watoto wake.

Kabla sijafungua chochote, mimi huangalia ukubwa kwanza. Kompyuta ikaniambia: ikiwa imefinywa, faili ina zaidi ya gigabaiti nne na nusu. Ikifunguliwa, haifiki hata moja.

"Aka! Haiwezekani," nikasema. "Nani amewahi kukunja nguo ikawa kubwa kuliko ilivyokuwa? Mama, hii imeharibika. Kaka yako aliikoroga."

Akauliza kama kweli hakuna njia. Nikamwambia hakuna. Diski ilikuwa inangojewa na kwaya, kwa hivyo akaniruhusu, nikaifuta ile video, nikajaza nyimbo zao. Kazi yenyewe haikuchukua hata nusu saa.

Miezi kadhaa baadaye, mwalimu wa shule moja akaniletea faili yenye kichekesho kile kile. Nikamwambia imeharibika. Alikuwa mbishi huyo, akasisitiza nifungue tu. Nikafungua huku nikinung'unika. Ikafunguka yote, nzima. Nikatafuta sababu nikaipata: ufinyaji wa aina ile una nafasi ndogo ya kuandika ukubwa wa mwanzo. Hesabu ikifika gigabaiti nne inaanza tena sifuri, kama mita ya pikipiki kuukuu. Ile "haifiki moja" ya yule mama wa Salama ilikuwa karibu tano.

Ningenyamaza, nani angejua? Lakini nikafunga saiba nikaenda Salama.

Nilimkuta akipanga maembe. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama.

"Kwa hivyo ilikuwa nzima?"

"Ilikuwa nzima."

"Na hukuifungua?"

"Sikuifungua."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alipangusa mikono, akaniambia kwamba tangu siku ile yeye na kaka yake hawaongei, maana alimwambia amewapotezea mwaitu, mama yao, mara ya pili. Kisha akatoa simu, akapiga, akaweka spika.

"Kaka, nisamehe. Kumbe ulirekodi vizuri. Haikuwa imeharibika."

Kaka alicheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Si nilikuambia! Haya basi, niwekee nisikie sauti ya mwaitu, hata kidogo tu."

Dada akaninyooshea simu, nimjibu mimi.