Beseni Lililogoma Kupoa

Radamés Peguero alikuwa mpiga picha wa harusi na ubatizo pale mjini San Pedro de Macorís, na filamu zake alizisafisha mwenyewe jikoni, hata Agosti inapochoma. Mkaidi yule, hasikii la mtu. Dawa ya kusafishia aliitaka iwe digrii ishirini, na katika jiko lile hata maji ya mtungini yalikuwa vuguvugu. Basi siku hiyo akanunua barafu dukani, akaitia kwenye beseni la maji, akasimamisha chupa ya dawa humo ndani.

Filamu yenyewe haikuwa ya mchezo. Mama yake, Bi Tomasina, aliikimbia kamera tangu usichana. Juzi tu ndipo alipokubali kuketi, kwa kuwa mjukuu wake Yanelis, binti wa Radamés, alikuwa anahamia ng'ambo na alitaka aondoke na sura ya bibi yake. Picha moja, bibi akainuka akaenda zake. Na Yanelis alikuwa anasafiri kesho yake jioni.

Radamés akajifungia kabatini, gizani, akaiingiza filamu kwenye kopo lisilopitisha mwanga. Alipotoka, jasho lilimchuruzika mpaka kidevuni. Mama yake alikuwa mezani anamenya mbaazi.

"Umelowa chapachapa," mama akasema.

"Joto, Mama."

Akachovya kipimajoto kwenye dawa: ishirini. Akaenda chumbani kutafuta saa yake. Kurudi, ishirini na sita, na barafu imebaki vijipande. Akakifuta kipimajoto, akachovya tena. Ishirini na sita ileile.

"Barafu gani hii?"

"Barafu ya siku hizi," mama akasema bila kuinua macho, "maji tu yaliyojikaza."

Akaongeza barafu mpaka ikawa ishirini, akatoka uani kutundika kamba ya kuanikia filamu. Kurudi, ishirini na nane. Hapo akachanganyikiwa kweli. Akakishuku kipimajoto, akamshuku mwenye duka, akayashuku hata macho yake. Alilizunguka beseni kama kuku aliyepotelewa na yai. Ndipo alipoliona birika la kahawa mekoni, kifuniko pembeni, tupu, bado linatoa mvuke.

"Mama, maji ya kahawa yako wapi?"

Mama akaendelea kumenya.

"Umeyamwaga kwenye dawa yangu?"

"Kwenye beseni. Dawa sijaigusa, mimi si mwendawazimu."

"Filamu ikiharibika nitamwambia nini Yanelis?"

"Baba yako alitoka kwenye tanuri la mikate, mwili unawaka, akatumbukiza mikono kwenye barafu. Baridi ikamwingia, mdomo ukaenda upande. Mpaka anakufa hakuweza kulitamka jina langu." Akalisukuma bakuli la mbaazi. "Picha nitakaa tena, hata kesho asubuhi. Wewe nitakupata wapi mwingine?"

Hasira ya Radamés ilikuwapo, lakini hakujua aipeleke wapi. Akachukua taulo, akajifuta, akaketi karibu na mama yake mpaka jasho likakauka.

Kisha akaitoa chupa kwenye beseni, akaiacha dawa ishike joto la jiko, akaisafisha filamu kwa muda mfupi kuliko kawaida, maana dawa ikipata joto hufanya kazi upesi. Ilitoka na chembechembe nyingi, lakini ilitoka. Akaiinua dirishani. Mama yake alikuwa kitini, mdomo wazi, mkono umenyooshwa kuelekea kamera, na Radamés akakumbuka alichokuwa anaambiwa wakati anabonyeza: mwanangu, jifute jasho kwanza.